Wasomaji Wauliza: Pevu Kwanza, Bivu Baadaye

Kaskazi ikishaanza kuvuma na maembe yakaanza kushuka soko la Kongowea, Mombasa, kwa malori, barua zinazotufikia hubadilika. Safari hii karibu zote zauliza jambo moja kwa njia tofauti: mbona tunda haliivi, au laiva vibaya, au ladondoka kabla ya siku zake. Palipohitaji maelezo marefu tumerefusha. Maswali mafupi yako mwisho.

SWALI: Mimi ni mama muuza matunda. Nanunua maembe ya ngowe na apple kutoka mashamba ya Kilifi yakiwa kijani. Kuna kijana huniletea kabaidi, tunaifunga kwenye karatasi na kuiweka katikati ya kreti. Siku ya pili maembe yote yamekuwa manjano, lakini wateja wanarudisha: nje njano, ndani nyeupe, makali, na karibu na kokwa ni magumu kama muhogo. Nikiacha kabaidi, mzigo utaiva kwa siku tatu kweli? (Kongowea)

JIBU: Utaiva, mama, ikiwa maembe yenyewe yamepevuka. Hapo ndipo penye shida yako, na kabaidi inaifunika tu.

Kiswahili kimetutenganishia mambo mawili ambayo sokoni huchanganywa: kupevuka na kuiva. Embe pevu limemaliza kulishwa na mwembe. Kokwa lake limekuwa gumu na nyama imejaa wanga, ingawa ngozi ni kijani na ukilibonyeza halibonyei. Kuiva ni kazi nyingine, na embe huweza kuifanya likiwa limeshachumwa: wanga hugeuzwa sukari, ukali hupungua, kuta za seli hulegea, harufu hutoka, na umbijani wa ngozi, yaani rangi yake ya kijani, huvunjika hadi manjano iliyojificha chini yake ikaonekana. Kazi hizi huamshwa na gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda hujitolea lenyewe. Lakini gesi huleta amri, haileti sukari. Embe changa likipewa amri, ngozi hutii, kwani umbijani wa kuvunjwa upo. Nyama haina wanga wa kutosha kugeuza. Ndiyo hiyo njano ya nje na weupe wa ndani unaorudishiwa.

Kabaidi ni mali ya wachomeleaji vyuma. Ikiguswa na unyevu hutoa gesi ya asetilini na kubakisha chokaa. Asetilini inafanana na ethilini kiasi cha kulihadaa tunda, ila nguvu yake ni ndogo mara mia hivi, ndiyo maana huwekwa nyingi. Kabaidi ya viwandani huwa na uchafu wa aseniki na fosforasi unaotoka pamoja na hiyo gesi, na wa kwanza kuuvuta ni wewe unayefungua kreti asubuhi. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa matunda. Tena asetilini ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa ya stoo, cheche ya jiko au ya swichi yaweza kuiripua. Iache kabisa.

Kazi yako ya kwanza iwe shambani, wakati wa kununua. Usitazame rangi, tazama mabega. Embe changa mabega yake huteremka kutoka kwenye kikonyo. Likipevuka, mabega huinuka na kujaa hata kikonyo kikaonekana kimekaa kishimoni. Halafu kata embe moja la kila kreti mpaka kwenye kokwa. Nyama ikiwa nyeupe pe na kisu kikapita kokwa bila shida, mzigo ni mchanga. Nyama ya karibu na kokwa ikiwa imeanza umanjano wa siagi, mzigo umepevuka. Tumbukiza na kumi kwenye ndoo ya maji: yanayozama kwa kawaida yamepevuka, yanayoelea mara nyingi bado. Yakielea matatu au zaidi, usiuchukue mzigo kwa bei ya embe pevu.

Yachumwe na kipande cha kikonyo, yasiangushwe. Kikonyo kikishakatwa, yainamishwe kichwa chini kwenye wavu kwa nusu saa ili utomvu udondokee chini, maana ukitambaa juu ya ngozi huiunguza na kuacha michirizi ya kahawia.

Ukisumbuliwa na madoa meusi, kabla ya kuvundika yatie kwenye maji ya moto nyuzi 52 kwa dakika 5, ukitumia kipimajoto, si mkono. Kuvu wa madoa hayo aliingia embe likiwa bado mtini, akalala humo akingoja liive. Chini ya nyuzi 50 anasalimika, na ukipitisha nyuzi 55 ngozi ya embe inaungua. Baadaye yatandaze kivulini hadi yakauke kabisa.

Sasa vundika. Kwa kreti la kilo 20, weka ndizi mbivu nne au tano zilizokwisha kuota vidoadoa, mbili chini, nyingine katikati na juu. Hizo ndizo kiwanda chako cha ethilini. Funika kwa gunia la katani au majani ya mgomba na magazeti. Usitumie nailoni: tunda linaloiva hupumua kwa nguvu, hewa ya kaboni ikijaa humo kuiva kunakwama, na jasho linaloganda juu ya ngozi hualika kuvu. Baada ya saa 24 funua, acha hewa ipite nusu saa, toa lolote lenye dalili ya kuoza, kisha funika tena usiku mmoja. Asubuhi ya siku ya pili ondoa gunia na ndizi, maembe yamalizie yenyewe kwenye hewa. Yaliyopevuka sawasawa yatakuwa tayari kuuzwa siku ya tatu au ya nne.

Joto pia lina neno. Embe huiva vizuri zaidi kati ya nyuzi 20 na 24, na stoo ya bati wakati wa Kaskazi hupita 30 kwa urahisi. Weka makreti juu ya mbao kwenye sakafu ya saruji, upande usiopigwa na jua la alasiri, na madirisha yawe wazi usiku.

SWALI: Nina kibanda cha ndizi Likoni. Ndizi ndefu za aina ya Cavendish nikizivundika ndani ya chumba changu, ngozi yabaki kijani-kijani lakini ndani ishakuwa laini, hata nyingine zapasuka kikonyo. Mteja anaona kijani, anaondoka. Gesi haijatosha? (Likoni)

JIBU: Gesi imetosha, ndugu yangu. Kilichozidi ni joto.

Ndani ya ndizi, kulainika kwa nyama na kugeuka kwa ngozi ni shughuli mbili zinazoanzishwa na ethilini ileile, ila hazistahimili joto sawa. Cavendish ikiivia kwenye nyuzi 24 na zaidi, nyama huendelea kama kawaida na wanga kuwa sukari, lakini umbijani wa ngozi hauvunjiki wote. Unapata ndizi bivu yenye vazi la mbichi. Ukiongeza gesi unaharakisha nyama peke yake, na hali inazidi kuwa mbaya. Ndizi za mkono wa tembo hazina udhaifu huo, hugeuka manjano hata kwenye joto letu. Kwa hiyo usipime chumba chako kwa mkono wa tembo.

Mwenye uwezo wa kutengeneza chumba baridi, hesabu yake si ngumu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 2, kimo mita 2.5: ni mita za ujazo 15, yaani lita 15,000 za hewa. Ndizi huhitaji ethilini sehemu 100 katika milioni, ambayo kwa chumba hicho ni lita moja na nusu tu ya gesi. Weka joto nyuzi 16 hadi 18 na unyevu wa asilimia 90 hadi 95 kwa kumwagia maji sakafuni. Funga saa 24. Fungua mlango, toa hewa yote, kisha uwe ukifungua dakika 20 kila saa 12 ili hewa ya kaboni isipite asilimia 1.

Makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza ni kupima joto la hewa na kusahau la ndizi. Ndizi zikishaanza kuiva hutoa joto lao wenyewe, na katikati ya rundo lililobanana nyama yaweza kupita hewa ya chumba kwa nyuzi kadhaa. Chomeka kipimajoto ndani ya ndizi moja ya katikati, na uache nafasi ya ngumi kati ya boksi na boksi. La pili ni kukimbilia friji. Chini ya nyuzi 13 ngozi hugeuka kijivu, na hata ukiirudisha kwenye joto haitapata tena manjano safi. Na anayenunua mtungi wa ethilini afungulie gesi kidogo kwa kipimo, maana nayo huripuka ikifika asilimia 2.7 ya hewa. Kipimo cha sehemu 100 katika milioni kiko chini ya hapo kwa mbali sana.

Usiye na chumba baridi, vundika vichane vichache kwa wakati mmoja badala ya rundo kubwa, anza jioni, vitandaze mahali penye upepo wa bahari, na uviuze siku hiyohiyo vinapolainika.

SWALI: Niko kidato cha nne. Tumefundishwa kwamba ethilini ni homoni ya kuiva. Lakini ikiwa nyanya ndiyo huitengeneza, ni nani huiambia ianze? Na mbona nyanya nyingine hukaa wiki nzima na zaidi mezani bila kulainika? (Tudor)

JIBU: Mwanangu, umeuliza swali lililowaweka wataalamu mezani miaka mingi, na jibu lake ni tamu.

Tuanze na gesi yenyewe. Mwaka 1901 mwanafunzi Mrusi, Dimitry Neljubow, aliona miche yake ya njegere mjini Saint Petersburg ikiota mifupi, minene na kulala upande ndani ya maabara iliyomulikwa kwa taa za gesi. Akathibitisha kwamba mkosaji ni ethilini iliyokuwa ikivuja. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akaonyesha kwamba tofaa linaloiva hutoa gesi hiyohiyo. Njia ya kuitengeneza ilikamilishwa na kikundi cha Shang Fa Yang huko California mwaka 1979: asidi ya amino iitwayo methionini hugeuzwa mara mbili hadi kuwa kitu kifupi kiitwacho ACC, na ACC ikikutana na oksijeni huwa ethilini. Kumbuka hiyo oksijeni. Bila hewa, hatua ya mwisho haifanyiki.

Sasa, seli huisikiaje gesi? Ndani yake mna protini ziitwazo vipokezi, kila kimoja kimeshika chembe ya shaba. Wengi hudhani kipokezi hukaa kimya mpaka gesi ifike ndipo kiamke. Ni kinyume. Mfikirie bawabu mlangoni anayesema "bado, bado" mchana na usiku. Ethilini ikikaa kwenye ile shaba, bawabu hunyamaza, na kwa kunyamaza kwake mlango unafunguka. Kuna nyanya ambayo jeni yake ya bawabu mmoja imeharibika hata haishiki ethilini. Bawabu huyo hanyamazi kamwe. Nyanya zake huishia rangi ya chungwa, na jina la jeni hiyo kwa Kiingereza maana yake ni "haiivi kamwe".

Tukija kwa aliyeianzisha: nyanya changa hutoa ethilini kidogo sana, na gesi hiyo huzuia nyingine isitengenezwe. Ikishapevuka, kanuni hugeuka. Gesi huzaa gesi. Kinachogeuza kanuni ni kundi la jeni zinazoamrisha jeni nyingine, na mashuhuri zaidi ni RIN. Ilitambuliwa mwaka 2002 kutokana na nyanya ya ajabu iliyojulikana tangu miaka ya 1960, ambayo hugeuka manjano hafifu, hailainiki, na hata ukiipulizia ethilini haiivi. Hapo uone tofauti: mgonjwa huyu hakukosa gesi, alikosa mnyapara wa kazi.

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba bila RIN kuiva hakuanzi kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Japani waliikata jeni ya RIN kwa mkasi wa CRISPR kwenye nyanya ya kawaida, na nyanya zikaanza kuiva, ingawa hazikumaliza vizuri. Kumbe ile jeni mbovu ya zamani haikuwa imekufa tu. Ilikuwa imeungana na jirani yake na kutengeneza protini inayozuia kazi. Kwa hiyo RIN si ufunguo pekee. Ni mmoja wa wanyapara, na wengine ni kama NOR na CNR.

Na je, hao wanyapara wazuiwa na nini wakati tunda ni changa? Kwa sehemu, na alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, zilizobandikwa juu ya DNA karibu na jeni za kuiva. Tunda linapopevuka na mbegu kukomaa, alama hizo hubanduliwa. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba ukiidunga nyanya changa dawa inayozuia alama hizo, sehemu iliyodungwa huiva kabla ya wakati. Umeona basi kwamba tofauti ya pevu na changa imeandikwa hata kwenye DNA.

Nyanya inayokaa sana mezani mara nyingi ni chotara iliyopewa nakala moja ya rin mbovu na nakala moja nzima. Huwa nyekundu na hulainika polepole. Gharama yake ni ladha na harufu, kwa sababu mnyapara aliyelemaa hacheleweshi kulainika peke yake, anachelewesha yote. Marekani walijaribu njia nyingine mwaka 1994 kwa nyanya ya Flavr Savr: waliifunga jeni ya kimeng'enya kimoja kinachokata pektini, gundi inayoshika seli. Nyanya ilipungua kuoza, lakini haikubaki ngumu kama walivyotarajia, kwani ukuta wa seli hubomolewa na vimeng'enya vingi. Ilitoka sokoni baada ya miaka michache.

SWALI: Miembe yangu ilichanua vizuri sana mwaka huu. Embe zilipofika ukubwa wa njegere hadi wa limau zikaanza kupukutika, chini kumejaa. Kuna dawa? (Kikambala)

JIBU: Kwanza usihesabu maua. Kati ya maua mia yanayoweza kuzaa, hata moja kufikia embe pevu ni nadra. Mwembe huchanua kwa wingi na kujipunguzia wenyewe.

Kila kikonyo kina mahali palipoandaliwa kukatika, ukanda wa seli ndogo zilizopangika. Embe changa lenye mbegu hai hutuma homoni ya auksini kupitia kikonyo bila kukoma, na madhali inapita, ukanda huo hauisikii ethilini. Mkondo ukikatika, kwa kiu, njaa, mbegu kufa au mdudu, ethilini husikika, vimeng'enya huyeyusha gundi kati ya seli, na embe linaanguka hata bila upepo. Ipo nyanya ambayo jeni moja ikiharibika haiumbi ukanda huo kabisa. Nyanya ya namna hiyo ilipatikana pori visiwa vya Galapagos, na wakulima wa nyanya za kiwandani huipenda kwa sababu tunda hutoka bila kikonyo.

Okota ishirini zilizoanguka leo asubuhi uzisome. Kovu likiwa safi, duara, na embe halina dosari, mti umejipunguzia au umeona kiu. Zikiwa na unga mweupe au kikonyo kimekauka cheusi tangu juu, ni kuvu: kwa ule unga mweupe piga salfa ya unga kwa kipimo cha pakiti, alfajiri tu, maana kwenye jua kali salfa huunguza majani. Zikiwa na kitobo, zikusanye zote kila siku uzifukie zaidi ya nusu mita, au uzifunge kwenye mfuko mweusi uzianike juani. Nzi wa matunda aliyetoka Asia ametambuliwa Kenya tangu 2003, na kila embe linalooza chini ni kiota chake.

Kwa kiu, kosa baya zaidi ni kuacha mti ukauke wiki tatu halafu kuugharikisha siku moja. Mwagia kidogo kwa vipindi sawa tangu embe linaposhika, na utandaze majani makavu chini ya kivuli cha mti bila kugusa shina.

Dawa unayoulizia ipo: ni auksini ya kutengenezwa, NAA. Hupigwa embe zikiwa ukubwa wa njegere, miligramu 20 katika kila lita ya maji. Pampu ya lita 20 yataka miligramu 400 za kiini. Ukinunua ya asilimia 4.5, hiyo ni mililita 9 hivi. Usiseme nitie ishirini ili ifanye kazi haraka. Auksini ikizidi huuchochea mti kutoa ethilini, na wenye matofaa huitumia makusudi kupunguza matunda. Na mti wenye kiu au kuvu hautapona kwa NAA.

SWALI: Mnazi unapukutisha vidaka. Wakwezi wanasema niwaue maji moto, wale sisimizi wa mitini waumao, kwa sababu ndio wanaokata. Ni kweli? (Diani)

JIBU: Hapana, mzee wetu, usiwaue. Hao ndio askari wako.

Kutoka upunga, yaani maua ya mnazi, hadi nazi ni mwaka mmoja: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Vidaka zaidi ya nusu kuanguka wiki za mwanzo ni kawaida, kwa ukanda uleule wa kikonyo tulioueleza. Vikianguka karibu vyote, kichambue kimoja. Inua zile kofia ndogo za juu. Ukiona makovu marefu yaliyobonyea na gundi iliyoganda, ni kunguni wa minazi. Hufyonza kidaka, mate yake huua nyama changa, na mkondo wa auksini unakatika. Kunguni mmoja au wawili kwa mnazi watosha kuumaliza mkungu.

Maji moto huwawinda. Ni kweli wanauma na wakwezi wanateseka, lakini mnazi wenye viota vyao vingi huzaa vizuri kuliko usio navyo. Wasaidie: funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi wapite, na uache mimea ya katikati wanayopenda kushonea majani, kama miembe, mipera na michungwa. Maadui wao ni sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa. Wakitawala chini, maji moto hupungua juu.

Minazi iliyo mbali na bahari pia huweza kukosa kloridi. Ufilipino huwapa minazi inayozaa chumvi ya kawaida kilo moja na nusu hadi mbili kwa mwaka, ikitandazwa kuzunguka shina. Wa Diani ufukweni hauhitaji.

Lakini nazi za umri wote zikianguka kwa pamoja, upunga mpya ukatoka mweusi na makuti ya chini kuwa manjano, huo si wadudu. Ugonjwa wa namna hiyo umeua minazi mingi pwani ya Tanzania na hauna tiba. Mwite afisa wa kilimo, na mti ukithibitishwa uukate.

KWA UFUPI

Sukuma wiki wangu hugeuka manjano ndani ya friji kwa siku mbili. (Mikindani)

Angalia jirani yake. Ukiuweka na ndizi, papai au embe bivu, ethilini yao huvunja umbijani wa majani. Karoti nazo huwa chungu. Tenga droo ya matunda na ya mboga.

Nanasi bichi nikilivundika na ndizi litakuwa tamu? (Kisauni)

Halitakuwa. Nanasi, chungwa, tikiti na zabibu hazina wanga wa akiba wa kugeuza, utamu huingia yakiwa mtini tu. Ngozi yaweza kugeuka rangi na nyama kulainika, sukari itabaki ileile. Zile ethilini na moshi wanazotumia wakulima wa mananasi ni kwa kuuamsha mmea uchanue, si kuivisha.

Bibi yangu alikuwa akilichanja papai kwa kisu likiwa mtini ndipo liive. (Mji wa Kale)

Alijua alichofanya. Jeraha humfanya mmea atoe ethilini. Wamisri wa kale walichanja tini za mkuyu kwa sababu hiyohiyo. Subiri mstari wa kwanza wa manjano, kisha chanja mistari mitatu au minne ya juujuu, utomvu umalizike kutoka. Ukichanja mapema zaidi utapata papai laini lisilo na sukari, na jeraha la kina huoza.

Machungwa ya pwani ni kijani hata yakiiva. Nayapaka nini? (Bamburi)

Usiyapake kitu. Chungwa hugeuka rangi ya chungwa kwa usiku wa baridi, na usiku wetu hauna baridi hiyo. Wanaouza ng'ambo huyaweka chumbani na ethilini sehemu 5 katika milioni, nyuzi 28 au 29, kuondoa kijani tu, ladha haibadiliki. Chagua lililo zito mkononi kuliko lenzake la ukubwa huohuo, lenye ngozi laini iliyotanuka, na ulikate moja mbele ya mteja.